Kumtoa Woga Mbwa Aliyekulia Ndani ya Geti

Mbwa wengi wa Mikocheni, Dar es Salaam, hukulia nyuma ya ukuta. Mchana wanafungiwa bandani, usiku wanaachiwa uani, na mtaa wanaujua kwa masikio na pua tu: bodaboda inayopita, muuza kahawa anayegonganisha vikombe, baiskeli ya lambalamba na muziki wake, mtu anayegonga geti kwa jiwe. Siku mbwa wa namna hii anapotolewa nje, iwe kwa kupelekwa kwa daktari wa mifugo, kuhamia nyumba nyingine au kutembezwa tu, anagoma getini, anatetemeka, anajikojolea, au anamrukia mpita njia ambaye hajamkosea chochote. Wafugaji wanaouliza la kufanya ni wengi, na karibu wote wameshajaribu kumburuta.

Mbwa wa aina hiyo anaweza kuzoea wageni, mbwa wenzake na mahali pageni. Kazi huchukua wiki kadhaa hadi miezi, haihitaji vifaa vya gharama, na msingi wake ni umbali: mbwa awekwe pale anapokiona kinachomtisha lakini bado anaweza kula. Akisogezwa karibu kuliko hapo hajifunzi kitu. Ama anavumilia, ama anapambana.

## Kwanza daktari wa mifugo

Mbwa aliyekuwa mchangamfu kisha ghafla akaanza kujificha au kumng'ata anayemgusa apimwe kabla ya kufundishwa. Sikio lenye usaha, jino bovu, nyonga inayouma, minyoo, na magonjwa yanayoletwa na kupe (ambao katika joto la Dar es Salaam hawana msimu wa kupumzika) humfanya mbwa asitake kuguswa wala kusogelewa. Maumivu hayatibiwi kwa mazoezi.

Yapo pia mabadiliko ya tabia yasiyosubiri kabisa. Mbwa anayetokwa mate kwa wingi, anayeyumba, aliyebadilika sauti, anayeshindwa kumeza au anayeng'ata vitu ovyo anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Asiguswe, atengwe, na ofisi ya mifugo ya manispaa ipewe taarifa. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo hata kama ni mchubuko.

Chanjo ya kichaa kwa kawaida huanza mbwa akiwa na miezi 3, na hurudiwa kwa ratiba ya daktari. Mbwa mzima ambaye hajachanjwa asitolewe getini kwa mazoezi yoyote.

## Dalili za woga kabla ya kubweka

Kunguruma na kubweka ni dalili za mwisho. Kabla yake mbwa huwa ameshasema mengi, ila kwa mwili:

- anaramba midomo au kupiga miayo wakati hana njaa wala usingizi;
- anageuza kichwa pembeni huku macho yamebaki kwenye kitu, mpaka weupe wa jicho unaonekana;
- masikio yanalala nyuma, mkia unaingia katikati ya miguu;
- ananyanyua mguu mmoja wa mbele na kuganda;
- anahema mdomo wazi kwenye kivuli, ambako hakuna joto la kumfanya aheme;
- anakataa chakula ambacho nyumbani angekigombania.

Hiyo ya mwisho ndiyo kipimo rahisi kuliko vyote. Mbwa anayekula yuko mahali panapofaa, anayekataa amesogezwa mno. Kuhusu mkia, wengi hukosea: mkia ulionyanyuliwa juu ukatikiswa kwa haraka na ugumu, mwili ukiwa umekakamaa, si furaha. Mtoto wa jirani anayemfuata mbwa kama huyo kwa sababu "anatikisa mkia" yuko hatarini.

Mbwa anayenguruma asiadhibiwe. Akipigwa kwa kunguruma hujifunza kunyamaza, wala woga hauondoki. Siku nyingine hung'ata bila onyo.

## Umri una uzito wake

John Paul Scott na John Fuller, waliochunguza watoto wa mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor, Marekani, na kuchapisha kitabu chao mwaka 1965, walionyesha kwamba kuna kipindi cha kuanzia wiki ya 3 hadi takriban wiki ya 12 ambamo mtoto wa mbwa huzoea watu na mazingira kwa urahisi ambao hatakuwa nao tena. Watoto wa mbwa wanaouzwa kando ya barabara ndani ya boksi, na wale wanaofungiwa bandani kuanzia siku ya kwanza, hukosa kipindi hicho au hukipitisha katika vitisho.

Hapa pana mgongano ambao mfugaji lazima aujue. Chanjo za mtoto wa mbwa huanza kwenye wiki ya 6 hadi ya 8 na hurudiwa mpaka karibu wiki ya 16, na kabla hazijakamilika asikanyage mahali wanapopita mbwa wengine, maana virusi vya parvo hukaa kwenye udongo kwa miezi. Lakini kumfungia mpaka chanjo ziishe ni kumpotezea muda wote wa kuzoea. Njia ya kati ni kumbeba. Mtoto wa mbwa wa wiki 9 aliyepakatwa kwenye kiti cha plastiki nje ya geti kwa robo saa, akatazama bajaji, wanafunzi na gari la taka, amejifunza mengi bila kugusa chini. Watu wa aina mbalimbali waje nyumbani: mzee mwenye fimbo, mama mwenye baibui, fundi mwenye kofia ngumu, mtoto anayecheka kwa sauti.

Kwa mbwa mkubwa kipindi hicho kimepita, na haitakuwa haki kumdai awe kipenzi cha kila mtu. Lengo lake linakuwa dogo zaidi: apite barabarani bila kiwewe, mgeni aingie bila vurugu, daktari amshike bila kumfunga minyororo. Hilo linafikiwa.

## "Akizoea watu, atalinda nini?"

Pingamizi hili husikika kila nyumba yenye kibao cha "Mbwa mkali", na linastahili jibu. Mbwa anayebweka kwa woga humbwekea kila mtu: muuza maji, mwanafunzi, paka, jani la mnazi lililoanguka. Baada ya wiki chache mlinzi haamki tena kwa sauti yake, na majirani wamechoka. Kwa ulinzi, mbwa wa hivyo hana faida kubwa. Mbwa aliyezoea sauti za kawaida za mtaa hunyamaza zinapopita na hubweka pale mtu anapopanda ukuta saa nane usiku, kwa sababu hilo halijawahi kuwa la kawaida.

Kingine, mbwa mwoga hachagui wa kumng'ata. Mara nyingi aliyejeruhiwa ni dada wa kazi aliyekuwa akimpelekea chakula, na mwizi wala hakuwepo.

## Maandalizi

Vinahitajika vitu vichache:

- mkanda wa kifuani unaobana vizuri, maana mbwa aliyeshtuka huchomoa kichwa kwenye mkanda wa shingoni kwa sekunde moja, na barabara iko pale;
- kamba ya kawaida ya mita 2 au 3, si mnyororo (unalia, ni mzito, na humchubua anayeushika);
- chakula kitamu ambacho mbwa hakipati wakati mwingine wowote;
- mahali pake pa kukimbilia nyumbani, penye kivuli na utulivu, ambapo hakuna anayeruhusiwa kumfuata.

Kuhusu chakula, maini ya kuchemsha yaliyokatwa vipande vya ukubwa wa punje ya hindi ni bora kuliko karibu kila kitu. Dagaa nao wanafaa, ila wale wa baharini huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, hivyo waloweshwe na maji yamwagwe. Mifupa ya kuku iliyopikwa, vitunguu, zabibu na chokoleti visitumike hata kidogo. Mbwa aliyeshiba ugali dakika kumi zilizopita hataona sababu ya kushirikiana, kwa hiyo mazoezi yatangulie mlo.

La mwisho katika maandalizi ni watu, na hapo ndipo mipango mingi hufia. Mwenye nyumba hufanya mazoezi Jumamosi. Siku nyingine zote mbwa anaishi na mlinzi na dada wa kazi. Mlinzi akimtishia kwa fimbo kila anapofungua banda, mazoezi ya Jumamosi hayana kazi. Walinzi wa kampuni hubadilishwa, na mbwa aliyezoea mmoja huanza upya na anayekuja. Kila anayeingia zamu aonyeshwe utaratibu siku ya kwanza, na vipande vya maini vikae kwenye kopo kibandani kwake.

## Kazi inaanzia getini

Kwa mbwa wa ndani ya ukuta, geti ndilo jambo lenyewe. Mlio wa komeo unamaanisha mgeni, gari, kelele, na yeye kukimbizwa bandani. Kabla ya kufikiria barabara, mlio huo ubadilishwe maana.

1. Mbwa akiwa mbali na geti, mtu mmoja avute komeo taratibu. Papo hapo, mwingine aliye karibu na mbwa adondoshe kipande cha ini. Geti lisifunguliwe. Yarudiwe mara tano au sita, kisha wote waendelee na shughuli zao. Mpangilio ni muhimu: komeo kwanza, ini baadaye. Likitangulia ini, mbwa atajifunza kushuku ini.

2. Dalili ya mafanikio inaonekana kwa macho. Komeo likilia, mbwa hageukii tena geti kwa kishindo. Masikio yanasimama kidogo, kisha kichwa kinarudi kwa mtu mwenye kopo, kikiuliza. Siku hiyo ndipo geti lifunguliwe upana wa kiganja.

3. Geti liwe wazi nusu, mbwa akiwa na kamba, umbali wa hatua kumi. Akae aangalie. Kila kinachopita, iwe ni guta, mtoto au kuku wa jirani, kifuatiwe na kipande. Dakika tano zinatosha.

4. Asogee mwenyewe. Kamba ilegee wakati wote. Akifika kizingitini akanusa na kurudi, aachwe arudi. Mbwa anayejua kwamba njia ya kurudi iko wazi huthubutu zaidi.

5. Hatua chache nje, kisha ndani. Siku hiyo imeisha.

Hatua hizi tano zinaweza kuchukua siku nne kwa mbwa mmoja na wiki tano kwa mwingine. Anayeona ni upuuzi kutumia mwezi mzima getini aangalie mbwa wake ameishi miaka mingapi akiliogopa.

Mazoezi yawe mafupi, dakika tano hadi kumi, mara moja au mbili kwa siku. Mwenye nyumba anayetoka saa kumi na mbili asubuhi kukwepa foleni ya Mwenge na kurudi saa mbili usiku hana nusu saa ya bure, lakini dakika tano wakati gari linapashwa moto zipo.

## Kutoka mtaani

Saa nzuri ni kati ya saa kumi na mbili na saa moja na nusu asubuhi, au jioni jua likishazama. Mchana lami huwa kama kikaango. Kiganja cha mkono kigeuzwe, mgongo wake uwekwe chini kwa sekunde saba, na ukishindwa kuvumilia, nyayo za mbwa nazo hazitavumilia. Joto na unyevu wa Desemba hadi Machi huchosha hata mbwa jasiri, na mbwa anayehema sana kwa hofu huzidiwa haraka zaidi.

Njia ya kwanza iwe mtaa wa ndani wenye vumbi na miti, kama ile mitaa ya Mikocheni B isiyo na daladala, mbali na Barabara ya Mwai Kibaki au eneo la Shoppers Plaza. Njia ileile irudiwe kwa wiki nzima. Watu hudhani mbwa anahitaji kuona vitu vipya kila siku, ilhali mwoga anahitaji kwanza kitu kimoja kilichozoeleka nje ya nyumba yake, ndipo aongezewe cha pili.

Aachwe anuse. Mbwa anayenusa mfereji kwa dakika tatu anafanya kazi, hata kama kwa mtazamaji inaonekana ni kupoteza muda.

Kitu cha kutisha kikitokea ghafla:

- umbali uongezwe kwanza, kwa kuvuka barabara, kurudi nyuma au kuingia kwenye kona;
- kamba isikazwe ghafla, maana mbwa husoma mkono wa aliyemshika;
- akishaweza kula, apewe vipande kadhaa, kisha safari iendelee au iishe.

Kumpapasa mbwa aliyeogopa hakumzidishii woga. Dhana hiyo imeenea sana, nayo si sahihi: hofu haiongezeki kwa kufarijiwa. Akijibanza mguuni, aguswe kwa utulivu. Kinachomdhuru ni kumlazimisha akitazame kitu karibu.

Mbwa koko ni suala la peke yake. Alfajiri hutembea kwa makundi, hasa karibu na majalala, na wengi hawana nia ya kupigana. Kukimbia kunawaita. Aliye na mbwa asimame, ajiweke kati ya mbwa wake na kundi, kisha ainame kana kwamba anaokota jiwe. Mbwa koko wa Dar wanaifahamu ishara hiyo vizuri na kwa kawaida hurudi nyuma. Jiwe lenyewe halihitaji kurushwa. Mbwa wa mfugaji huenda naye akashtuka, lakini hilo lina dawa. Kung'atwa na mbwa asiye na chanjo ni balaa lingine.

## Wageni nyumbani

Kosa la kawaida hutokea sebuleni kwa nia njema. Mgeni anasema, "Mimi mbwa wananipenda," anamwendea moja kwa moja, anainama juu yake na kumshika kichwani. Kwa mbwa mwoga kila kimojawapo ni tishio.

Utaratibu unaofaa ni huu: mgeni aingie na kuketi bila kumtazama mbwa, bila kumwita. Kila baada ya muda arushe kipande cha chakula, si kuelekea kwake bali *nyuma* ya mbwa. Hivyo mbwa anapata chakula kwa kujiondoa, hapati shinikizo la kusogea, na mara nyingi hurudi mwenyewe hatua moja karibu zaidi kuliko mwanzo. Kumlisha mkononi kunaonekana kuzuri zaidi, lakini njaa humvuta mbwa mpaka pale ambapo moyo wake haujafika. Chakula kikiisha anajikuta pua kwa pua na mtu asiyemwamini, na hapo ndipo meno hutoka.

Mbwa akikaribia na kunusa, mgeni atulie kama alivyo. Wa kuguswa ni mbwa aliyeegemea mwenyewe, na aguswe kifuani au begani kwa sekunde chache, kisha mkono uondoke. Akisogea tena ameomba kuendelea.

Watoto wasitumike kama vifaa vya mazoezi. Mbwa aangalie watoto kwa mbali wakicheza, alishwe, basi. Mbwa aliyewahi kung'ata avalishwe kikapu cha mdomoni kinachomruhusu kuhema na kunywa maji, baada ya kuzoeshwa kwa siku kadhaa kwa kupakwa karanga zilizosagwa ndani yake.

Katika mitaa ya Dar es Salaam kuna heshima nyingine ya kuzingatia. Kwa Waislamu wengi wa pwani, wanaofuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi inayotaka kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mtu anayeelekea msikitini na udhu wake hana nafasi ya kusaidia mafunzo ya mbwa wa jirani. Kamba ifupishwe, mbwa avushwe upande wa pili, salamu itolewe. Umbali huo unamfaa mbwa pia, na jirani aliyeheshimiwa havumilii tu, mara nyingi ndiye anayepiga simu geti likiachwa wazi.

## Mbwa wenzake

Kukutanisha mbwa wawili uso kwa uso kamba zikiwa zimekazwa ni kuandaa ugomvi. Njia ya uhakika ni kutembea sambamba: mbwa mwoga na mbwa mmoja mtulivu, kila mmoja na mtu wake, upande huu na ule wa barabara, wakielekea upande mmoja. Siku zinavyopita nafasi kati yao ipungue. Wakifikia kutembea wakiwa mita mbili kati yao bila kukazana macho, waruhusiwe kunusana kwa nyuma kwa sekunde tatu, kisha waitwe waendelee na safari.

Mbwa mmoja rafiki anatosha. Kumpeleka mwoga kwenye kundi la mbwa wanaoachiwa ufukweni, kwa matumaini kwamba "watamchangamsha," humaliza kazi ya miezi kwa asubuhi moja.

## Gari, bajaji na kwa daktari

Gari lisiwe la kumpeleka kwenye sindano tu. Alishwe ndani ya gari lililozimwa, kisha injini ikiwaka, kisha mzunguko wa mtaa mmoja na kurudi nyumbani. Bajaji ina kelele na iko wazi pembeni. Kwa mwoga ni chaguo la dharura, akiwa ameshikwa kamba fupi.

Daktari aombwe ziara mbili au tatu zisizo na matibabu: mbwa afike, apande mzani, ale, aondoke. Madaktari wengi wa jijini huja nyumbani, jambo linalosaidia, ila chanjo isipigwe pale mahali pa mbwa pa kukimbilia.

## Radi na fataki

Mvua za masika, Machi hadi Mei, huja na radi, na mkesha wa Mwaka Mpya huja na fataki. Usiku huo si wa mafunzo. Mbwa aingizwe ndani, chumba chenye pazia zito na feni au redio inayovuma, na geti likaguliwe mapema, kwa kuwa mbwa wengi wanaopotea hutoroka kwa mshtuko wa kelele. Mbwa aliyefungwa mnyororo usiku wa fataki anaweza kujinyonga akijaribu kukimbia.

## Makosa yanayorudiwa

- Kumpeleka Coco Beach Jumapili jioni ili "azoee mara moja." Mbwa anayeganda katikati ya umati na muziki hajatulia, amekata tamaa. Wengi huoneshana mafanikio hayo kwa picha, na wiki inayofuata mbwa hatoki bandani.
- Kumchapa. Hujifunza kwamba mtu wa kutisha akitokea, naye bwana wake huwa wa kutisha.
- Kufunga mnyororo mfupi mchana kutwa. Mbali na ukatili, ambao Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inaukataza, mbwa asiye na uwezo wa kukimbia hubaki na njia moja tu, kung'ata.
- Kubadilisha mambo mawili kwa pamoja: mtaa mpya na mbwa mpya, mgeni na sherehe.
- Kuendelea kwa sababu leo amefanya vizuri. Zoezi likatishwe likiwa bado tamu.

## Akirudi nyuma, au asipoendelea

Kurudi nyuma ni kawaida. Nyumba ikihamwa, mlinzi akibadilishwa, mvua ikikatiza matembezi kwa wiki tatu, mbwa atapoteza sehemu ya alichojifunza. Haanzi sifuri, anarudishwa hatua moja au mbili, pale alipokuwa akila kwa amani, na safari ya pili huwa fupi kuliko ya kwanza.

Wapo ambao baada ya miezi miwili ya kazi ya kweli bado hawali nje ya geti, au hulala kwa kushtuka hata nyumbani. Hao warudi kwa daktari wa mifugo kuzungumzia dawa. Zipo dawa za kupunguza hofu, kama fluoxetine, zinazotumiwa sambamba na mazoezi na ambazo huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu. Dawa ya kulegeza mwili, acepromazine, haifai peke yake: mbwa hulala chini lakini hofu inabaki ileile ndani. Dawa za binadamu za kutuliza zisitolewe kwa kukisia, na ibuprofen ni sumu kwa mbwa.

Mbwa ambaye hata kwa dawa hawezi mtaa aachwe asiende mtaani. Ua mpana, mtu mmoja au wawili anaowaamini, chakula kilichofichwa kwenye vifuu vya nazi avitafute, na daktari anayemfuata nyumbani vinampa maisha mazuri. Geti lake tu liwe na mlango wa pili au uzio wa ndani, ili mgeni na yeye wasikutane ghafla.